Majani Niliyoyatupa Kamukuywa

Ipo asubuhi moja, mwanangu, ambayo imekaa nami kuliko alivyokaa marehemu mume wangu. Yeye tuliishi naye miaka ishirini na tisa, Mungu akamchukua. Asubuhi ile haijaniacha hadi leo. Nilikuwa nimesimama nyuma ya maduka ya Kamukuywa, bahasha ya kaki mkononi, moyo ukinidunda kama wa mwizi wa kuku. Na mwizi kweli nilikuwa. Lakini nikianzia hapo utanichukia kabla hujanijua, kwa hivyo acha nirudi nyuma kidogo. Mzee akisimulia huwa hana haraka. Haraka aliimaliza ujanani, na mara nyingi aliimaliza vibaya.

Mimi ni Nasimiyu. Kwetu ni juu ya Kimilili, pale barabara inapoanza kuukwea mlima na jioni zinakuwa za kuvaa sweta. Papa, yaani baba yangu, alikuwa mkulima wa kahawa. Wapita njia walikuwa wakisimama kuitazama kahawa yake ilivyonyooka mistari. Mama alitutoka nikiwa darasa la sita. Tukabaki watu watatu: Papa, kaka yangu Wafula, na mimi. Papa alinisomesha hadi chuo cha kilimo, ingawa majirani walimwambia binti anasomeshwa kwa faida ya ukoo mwingine. Nilipohitimu nikaajiriwa kuwa afisa mdogo wa kilimo kule Naitiri, kwa watu wa mahindi. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, nina baiskeli ya serikali na buti za mpira zinazofika magotini, na nilitembea kama mtu ambaye mvua huomba ruhusa kwake kabla ya kunyesha.

Mwaka huo huo Wafula alioa. Yeye alikuwa mwalimu Misikhu, akija nyumbani Ijumaa na kurudi Jumapili jioni. Mkewe aliitwa Muthoni, binti wa Kikuyu ambaye wazazi wake walihamia Trans-Nzoia zamani. Alikulia kwenye shamba kubwa la kahawa nje ya Kitale, ambako mama yake alikuwa mchumaji. Shule aliiachia darasa la saba. Jina Muthoni kwao maana yake ni mkwe, na Papa alipoelezwa alifurahi sana, akasema basi huyu alizaliwa akiwa tayari yuko njiani kuja kwetu.

Mwanzoni nilimpenda. Sikufichi. Alikuwa mpole, mchapakazi, na alinisuka nywele Jumamosi tukicheka. Wivu haukuja na kelele. Uliingia kama unyevu unavyopanda kwenye ukuta wa udongo: unaona rangi imebadilika chini, unasema si kitu, halafu siku moja unaegemea na ukuta unakubali mgongo wako.

Ulianza hivi. Kwa mila zetu, mzee na mke wa mwanawe hawapeani mikono wala hawaketi meza moja. Wanaheshimiana kwa kuwekeana nafasi. Basi Papa na Muthoni walikuwa wakizungumza shambani, mstari mmoja wa kahawa katikati yao, kila mtu akitazama mti wake. Nikija kutoka Naitiri ningesikia sauti zao kabla sijawaona. Muthoni anauliza, Papa anajibu. Papa anauliza, Muthoni anajibu. Na Papa anacheka. Mwanangu, Papa alikuwa hajacheka kicheko kile tangu tumzike Mama. Nilijaribu miaka mingi kukirudisha, nikaleta ripoti nzuri za shule, nikaleta cheti cha chuo, na hakikurudi. Huyu alikuja na sanduku moja la nguo, akakipata katikati ya miti.

Jumapili moja alichinjwa jogoo. Unajua mwenyewe firigisi ya kuku kwetu ni ya nani. Ni ya mwenye boma, na mwanamke hata haombi. Papa aliichukua kwenye sahani, akaikata vipande viwili kwa kisu, akakiweka kimoja kwenye kisahani.

"Nasimiyu, pelekea Muthoni huko jikoni," alisema. "Mwambie ni ya macho yake."

"Ya macho yake?"

"Jana ameona ugonjwa kwenye mche wa jirani yetu Mama Nanjala kabla mimi sijaona. Peleka, mayi, isipoe." Mayi kwetu ni mama, na ndivyo Papa alivyopenda kuniita.

Hatua za kutoka sebuleni hadi jikoni zilikuwa kumi na tatu. Nilizihesabu. Miaka yote ile sikuwahi kuonjeshwa hata ukingo wa firigisi, na leo mimi ndiye mhudumu wa kumpelekea mgeni. Muthoni alipoambiwa alifunika uso kwa kanga kwa aibu, kisha akanishika mkono, akasema, "Wifi, si tugawane basi?" Nikamwambia nimeshiba. Sikuwa nimekula kitu.

Tangu siku hiyo nikaanza kuhesabu kila kitu. Papa amemwita mara ngapi. Jirani ameuliza nani. Ilifika mahali mtu anaingia nyumbani, ananiona nimekaa pale na vitabu vyangu vya chuo, ananisalimia vizuri kabisa, halafu anasema, "Tafadhali mwite yule mke wa mwalimu aje aniangalizie kahawa." Mke wa mwalimu! Mimi serikali inanilipa kwa kazi hiyo. Wahenga walisema hasidi hana sababu, lakini hasidi mwenyewe huamini anazo, tena nyingi, na hulala akizipanga upya.

Mvua za masika za mwaka uliofuata ziliposhika, ugonjwa ukaingia kahawa yetu. Ncha za matawi zilianza kuwa nyeusi kama zimepitishwa kwenye moto. Majani machanga yakajikunja na kukauka. Majirani wawili watatu nao wakaona hivyo hivyo. Papa alituita shambani asubuhi pamoja na majirani hao, umande bado upo.

Nikatazama haraka, nikasema, "Ni kutu. Mwaka huu kutu iko kila mahali."

Muthoni alichuma jani moja kutoka upande wake wa mstari. Akaligeuza, akalipitisha kidole chini, akaonyesha kidole. "Hii haina unga, wifi. Kutu ina unga wa rangi ya chungwa hapa chini, ukigusa unakushika. Na kutu inaangusha majani. Haya yamekauka na yamekatalia kwenye tawi." Kisha akaliinua jani kuelekea jua. "Baba, angalia kwa mwangaza. Hapa pembeni ya doa panang'aa, kama karatasi imemwagikiwa mafuta. Huko Kitale tulikokuwa tuliona hii. Inatembea na maji ya mvua, inaingia palipo na kidonda. Msimamizi alitukataza kugusa miti ikiwa na maji."

Papa aliinua la kwake. Majirani wakainua ya kwao. Wote wamesimama pale wakitazama majani juani kama watu wanaosoma barua, na mimi peke yangu nimetazama chini. Kwa maana nilikuwa nimekumbuka. Chuoni tulifundishwa. Ugonjwa wa bakteria kwenye kahawa, ule unaopenda baridi ya huku mlimani, mvua ya mawe na upepo. Nilikuwa na ukurasa mzima kwenye daftari kwa mwandiko wangu mwenyewe. Muthoni alikuwa sahihi, na nililijua hilo pale pale. Ningesema neno moja tu, "kweli", na hadithi hii isingekuwepo.

Nilisema, "Macho hayatoshi. Lazima maabara."

"Sawa kabisa," Papa akasema. "Wewe ndiye unajua ofisi za huko. Muthoni atachuma, wewe utapeleka Kitale."

Kesho yake Muthoni aliamka mapema, akachuma majani, vijiti na vimaua vilivyokufa, akavifunga kwenye gazeti, akatia kwenye bahasha ya kaki. Juu akaandika kwa penseli jina la Papa na mti wa ngapi kutoka njiani. Mwandiko wa darasa la saba, herufi kubwa kubwa, umepangwa vizuri. Mwandiko ule ulinikera hadi leo siwezi kukueleza kwa nini.

Gari liliharibika Kamukuywa. Dereva akasema tusubiri. Nikazunguka nyuma ya maduka, na nyuma ya maduka palikuwa na miti michache ya kahawa ambayo mwenyewe aliisahau, imejaa magugu, na kila jani lina kutu. Unga wa chungwa mtupu. Sikulipanga, mwanangu, lakini usinionee huruma kwa hilo. Shetani hahitaji upange. Anahitaji tu akukute umeshakasirika. Nilifungua bahasha. Majani ya Muthoni nikayatupa mtaroni, maji yakayabeba. Nikachuma ya kutu, nikayafunga kwenye gazeti lile lile, na jina la Papa juu likabaki vile vile kwa penseli.

Kitale nilimkuta mtaalamu mmoja mzee, mtu wa maneno machache, amevaa koti jeupe lililofuliwa hadi likachoka. Alifungua, akatazama, hata hakufika kwenye hadubini. "Hii ni kutu," alisema. Akaniandikia.

Barua ile niliisoma uani kwetu mbele ya wakulima kumi na zaidi. Niliisoma polepole, kwa Kiswahili cha redio. Nilipofika kwenye neno "kutu" niliinua macho nimtazame Muthoni. Alikuwa amesimama mlangoni mwa jikoni na mtoto wake mchanga mgongoni.

"Inasema kuna unga chini ya majani?" aliuliza.

"Inasema."

"Na huo unga uko wapi? Mbona kwa miti hatuuoni?"

"Mvua imeuosha," nilijibu, na watu wakatikisa vichwa, maana karatasi yenye muhuri ikishasema, macho ya mtu hunyamaza.

Muthoni alimpandisha mtoto vizuri mgongoni. "Basi labda ni kweli," alisema. "Kweli ya majani yaliyofika." Akaingia ndani.

Niliikunja barua haraka. Lakini Papa alikuwa ananitazama, ananitazama mimi, na akasema mbele ya watu wote, "Asante, mayi. Tuongoze." Nilikuwa nimelisubiri neno hilo maisha yangu yote. Lilikuwa tamu kwa muda wa kama kikombe kimoja cha chai.

Nikawaongoza. Niliwapa dawa ya kutu, na nikaamuru miti ipogolewe ili upepo upite. Mvua ilikuwa bado inanyesha. Muthoni alinifuata shambani, akaniomba kwa sauti ya chini wasije wakasikia, "Wifi, hata kama ni kutu, si tungoje kukauke? Ama tuoshe msumeno na Jik tukitoka mti mmoja kwenda mwingine?"

Ningeweza kumjibu kwa sauti ya chini kama yake. Nilipaza. "Jik ni ya nguo, bana! Ati sasa tufulie miti?" Watu wakacheka. Nikatoka mti hadi mti kwa msumeno usiooshwa, na wengine wakafanya kama mimi. Kila kidonda tulichokata tulikitia ugonjwa kwa mikono yetu. Wiki mbili baadaye mlima ukatushushia mvua ya mawe, ikafungua vidonda vingine, na baridi ya Julai ikamalizia.

Ungepita kwetu mwezi wa nane ungedhani moto umepita. Majani meusi yamejikunja yananing'inia kama tumbaku iliyoanikwa. Maua yalikufa kabla ya kufunguka. Mama Nanjala, mjane aliyekuwa amelea watoto watano kwa kahawa ile na hakuwa na kingine, alikodi vijana, akang'oa miti yote hadi mzizi, akapanda mahindi. Nilimwona amekaa juu ya kisiki kimoja, shoka likiendelea nyuma yake, hageuki.

Na sasa sikiliza wivu unavyolipa watu wake. Kijiji kikitafuta mkosaji hakimtafuti mwenye cheti. Kilimtazama mgeni. Walianza kunong'ona kwamba ugonjwa huu haukuwepo kabla mke wa mwalimu hajaja. Ati aliuleta kwenye nguo zake kutoka mashamba ya Kitale. Wengine wakaongeza: mbona yeye ndiye aliujua wa kwanza? Anayeujua ndiye anayeufuga. Siku moja kiwandani, pale tunapopeleka kahawa kuoshwa, mama mmoja alivuta mtoto wake asimguse mtoto wa Muthoni. Nilikuwepo. Nilikuwa nimesimama karibu kama tulivyo wewe na mimi. Sikusema kitu. Na ndani yangu, Mungu anisamehe, kitu kidogo kilifurahi.

Wafula alipigana na watu kwa maneno kila wikendi hadi akachoka. Muthoni hakupigana. Alifunga sanduku lake, akamchukua mtoto, akaenda kwa mama yake.

Sasa nafasi yote ilikuwa yangu. Nikija Jumamosi, shamba kimya. Papa hakwenda tena kwenye kahawa. Alikaa nyuma ya nyumba ametazama mlima, na nikimletea chai anasema "weka hapo", baadaye naikuta imefanya ngozi juu. Nilimpata Papa peke yake, mwanangu, na hapakuwa na mtu ndani ya Papa.

Mwezi wa tisa sikuweza tena. Nilichuma majani ya kweli kwa mkono wangu, asubuhi na umande, nikayapeleka Kitale bila kushuka njiani. Mzee wa koti jeupe alikata ukingo wa doa, akaweka tone la maji, akaweka chini ya hadubini, akaniambia niangalie. Kutoka kwenye ukingo wa jani palikuwa panatoka kitu kama moshi, polepole, bila kuisha.

"Hao ni bakteria," alisema. "Wanatoka kwa maelfu." Kisha akafungua daftari lake, akarudi nyuma kurasa kadhaa. "Masika uliniletea kutu. Shamba hili hili?"

Nilitaka kusema ni shamba jingine. Mdomo ulifunguka, uongo haukutoka.

Alifunga daftari. "Binti, hii mashine haitoki nje ya mlango huu. Haijui shamba. Inaamini mkono uliobeba jani, nami ninaamini mkono huo huo. Ukinidanganya wewe, nimewadanganya watu wote huko kwenu, na nimesaini." Hakupaza sauti. Alivua miwani, akaipangusa kwa koti. "Nenda ukaseme. Mimi nitaandika ya leo, lakini ya masika siwezi kuyafuta."

Wahenga walisema mficha maradhi, kifo humuumbua. Mimi nilificha maradhi ya miti ili nifiche maradhi ya moyo, na yote mawili yakaniumbua.

Kutoka hapo sikurudi nyumbani. Nilikwenda kwa mama yake Muthoni, upande wa Kiminini. Nilimkuta Muthoni jikoni anapepeta maharagwe. Nilimweleza yote nimesimama, kutoka firigisi hadi mtaroni. Hakuacha kupepeta hadi nilipomaliza.

"Nilijua," alisema.

"Ulijua nini?"

"Siku ile ya barua. Karatasi ilisema unga. Kwa kahawa ya Baba hakukuwa na unga hata wa dawa. Nikajua majani yangu hayakufika."

"Mbona hukusema?"

Akacheka kidogo, kicheko kisicho na furaha. "Ningesema, nani angeniamini? Wewe ni binti wa nyumbani, una cheti, una muhuri. Mimi ni nani?"

Nikapiga magoti nianze kuomba msamaha. Akaniinulia ungo usoni kama ngao.

"Hapana, Nasimiyu. Hapa jikoni kwa mama yangu hapana. Mtoto wangu alitengwa kiwandani, mbele ya watu. Mimi nilitukanwa mbele ya watu. Hayo maneno yako yapeleke huko. Ukishamaliza, ndio uje."

Aliniita Nasimiyu. Hakuniita wifi. Niliisikia tofauti hiyo njia nzima.

Nilianza na Papa. Nilimweleza jioni, nyuma ya nyumba, yeye ametazama mlima na mimi natazama vidole vya miguu yake. Nilipomaliza aliimwaga chai iliyopoa kwenye nyasi.

"Nilikusomesha ili uone," alisema. "Ukaona, kisha ukafumba. Kipofu ningemshika mkono. Wewe nitakushika wapi?"

Nikalia. Nikamuuliza neno nililolibeba tangu siku ya firigisi: "Papa, kwa nini yeye? Kwa nini si mimi?"

Alinigeukia kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi. "Nani alisema si wewe? Wewe nilikuwa ninakujivunia hadi kanisani wananikimbia. Lakini Nasimiyu, yule mtoto akija shambani anauliza, 'Baba, mti huu uliupanda lini? Baba, huu kwa nini umeinama?' Wewe ukija unaniambia. Hata sijamaliza kupumua, umeshaniambia. Mzee naye anapenda kuulizwa." Akapangusa uso kwa mkono. "Na ile firigisi. Kama ungesema unataka, ningekupa yote."

Mwanangu, nilikuwa nimechoma mlima mzima kwa kitu ambacho ningepewa kwa kuomba. Waliosema kuuliza si ujinga hawakuwa wanatania.

Siku ya mkutano wa wakulima nilisimama kiwandani. Nilivaa nguo za kawaida, buti za serikali nikaziacha nyumbani. Niliwaambia ugonjwa ni wa bakteria, nikawasomea barua ya pili, kisha nikawaambia kwa nini ya kwanza ilidanganya. Nilitaja jina langu. Nilitaja jina la Muthoni. Niliwaambia kwamba alituonya tusipogoe kwenye mvua, na kwamba mimi ndiye niliyewafanya wamcheke. Mtu mmoja alitema mate chini, akatoka. Mama Nanjala hakutoka. Alinitazama tu, na afadhali angetema mate. Kazini pia niliandika barua ya kukiri. Nilihamishwa na kushushwa cheo, na nilistahili. Papa na Wafula wenyewe ndio waliokwenda kumrudisha Muthoni, na wazee wawili wakaenda nao kumwomba radhi kwa niaba ya kijiji.

Muthoni alirudi na masharti. Kila mtu aliyafuata, mimi wa kwanza. Tulingoja Desemba, nchi imekauka. Tukakata miti iliyougua ikabaki visiki, kila msumeno ukizamishwa kwenye ndoo ya maji ya Jik kabla ya mti unaofuata. Matawi tukayachoma pale pale, hakuna kuburuta. Tukapiga dawa ya shaba kabla ya mvua, na upande wa upepo tukapanda miti ya kukinga. Nilibeba ndoo. Hiyo ndiyo kazi aliyonipa: nimfuate mti hadi mti na ndoo, na mikono ikababuka. Visiki vingi vilichipua. Vingine havikuchipua. Kwa Mama Nanjala nilichimba mashimo mwenyewe, likizo zangu mbili, na miche nikaitoa kwa Papa. Lakini kahawa haizai kesho, na yule mjane alizeeka haraka katika miaka ile ya kungoja. Hilo sikulirekebisha. Yako makosa unayoyaombea msamaha ukapewa, na bado hayarudishi kitu.

Ilichukua misimu mitatu Muthoni aniite wifi tena. Siku hiyo hakukuwa na jambo lolote. Alikuwa anataka chumvi.

Leo wote tuna mvi. Vijana wa Kimilili wanapiga picha majani kwa simu na kumtumia yeye, hata wa Bungoma mjini wanamtumia. Mimi mwenye cheti simu yangu hulia watu wakitaka michango ya harusi. Na nikuambie ukweli, mwanangu, maana uzee bila ukweli ni mvi tu: bado huwa nahisi. Ule unyevu bado hupanda ukutani. Tofauti ni kwamba sasa nikiuhisi ninainuka, ninakwenda kwake, ninamuuliza, "Umeletewa jani gani leo? Nionyeshe." Tunalitazama pamoja kwenye mwangaza. Wivu hauwezi kukaa kwenye mti mmoja na swali la kweli.

Basi nasaha yangu ni hii. Ugonjwa ukiingia shambani, usikimbilie kuupa jina. Geuza jani. Gusa chini yake uone kama kuna unga. Liinue kwenye jua uone kama ukingo wa doa unang'aa maji. Angalia kama jani limeanguka au limekatalia, kisha peleka yale yale uliyoyaona, si yale unayoyataka. Na wivu ukiingia moyoni, ufanyie hivyo hivyo. Ugeuze, uutazame mchana, uupe jina lake mbele ya mtu unayemwamini, kabla haujapata kidonda cha kuingilia. Akija mgeni anayejua kuliko wewe, kumbuka wazee walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Hawakusema mgeni njoo, mwenyeji aaibike. Kupona kwako kunaweza kufika kwa mdomo wa mtu ambaye hukumtarajia, kwa mwandiko wa penseli, na ukikutupa kupona huko, hutapotea peke yako. Kama unapenda kupendwa, sema. Na kama umekosea, sema pale pale ulipokosea, kwa sauti ile ile uliyokosea nayo.

Nenda sasa, mwanangu. Mungu akupe macho makali na moyo laini, asikupe kimoja bila kingine. Akupe wenzako wanaokuzidi, na akupe furaha ya kuwa nao. Mikono yako isibebe ugonjwa kutoka nyumba moja hadi nyingine, na kila mvua ikukute mbegu zako zimeshalala udongoni.